Injini Bado Mbichi

Mtu akioa na kuhamia kwa wakwe zake, kitu cha kwanza kupotea ni jina lake. Yeye lake lilipotea wiki ile ile ya kwanza. Mama mkwe alimwita Mkwe, baba mkwe alimwita Mkwe, jirani aliyependa kuchungulia juu ya ukuta alimwita Mkwe, na muuza duka wa pembeni, ambaye hakuwa na binti hata mmoja, naye akamwita Mkwe. Siku moja mkewe, akiwa na haraka ya kutafuta kiberiti, akaita, "Mkwe, umekiweka wapi?" Kisha akaziba mdomo kwa kiganja na kucheka mpaka akakaa chini. Yeye pia alicheka, ila hakucheka sana.

Walikuwa wamehamia pale kwa muda. Neno lenyewe lilikuwa hilo, kwa muda, na baba mkwe ndiye aliyelitamka. Mwenye nyumba wao alikuwa ameuza nyumba, pikipiki ya abiria iliyokuwa ikiwalisha ilikuwa imeanza kuchoka, na mzee akasema kuna chumba cha uani kimekaa bure tangu vijana wake waondoke, njooni mkae kwa muda. Sasa mwaka wa tatu ulikuwa ukielekea ukingoni, na bado walikuwa pale kwa muda.

Tusimsingizie mtu. Katika nyumba ile hakuna aliyemtesa. Chakula chake kilifunikwa kwa sahani kikamsubiri hata achelewe vipi, na akilalamika kichwa kinauma, mama mkwe alikuwa wa kwanza kuuliza kama amekunywa maji. Tatizo la nyumba ile lilikuwa wema wake, maana ubaya mtu anaweza kuukimbia mchana kweupe na majirani wakamuelewa. Baba mkwe alikuwa mtunza bohari maisha yake yote mpaka alipostaafu, na mtunza bohari hapendi kitu kitoke bila yeye kujua. Kila jioni, taarifa ya habari ikiisha, alifunga geti kwa mkono wake mwenyewe na kutia ufunguo kwenye mfuko wa shati. Ukitaka kutoka, unaomba.

"Unakwenda wapi, Mkwe?"

"Dukani, baba."

"Dukani kuna nini?"

Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama alivyowauliza wale waliokuja bohari kuchukua misumari.

Kuta za chumba cha uani hazikufika kwenye bati, kwa hiyo Mkwe na mkewe waligombana kwa kunong'ona na kupatana kwa kunong'ona. Mambo mengine ya mume na mke tuyaache, ila nayo yalikuwa ya kunong'ona. Mkewe alikuwa amechoka kuliko yeye. Huyu alikuwa amerudi kuwa binti wa nyumbani, anaulizwa mbona chumvi ni nyingi, anaamriwa kwenda kuanua nguo. "Nataka jiko langu," alisema. "Nataka niunguze sufuria yangu mwenyewe na mtu asijue."

Walishawahi kujaribu kuondoka. Mwaka uliotangulia walipata chumba mtaa wa pili, na Mkwe akapiga moyo konde akamwambia mzee wakati wa chakula. Mzee aliweka kijiko chini. Hakugomba. Aliingia chumbani kwake akalala, na kesho yake akalala tena, na mama mkwe akaja mlangoni kwao asubuhi na mapema, amejifunga khanga kifuani, akasema kwa sauti ya chini, "Vijana wangu waliondoka hivi hivi. Mmoja hupiga simu akikumbuka. Wa pili hata hakumbuki." Nani angefunga virago baada ya maneno hayo? Chumba cha mtaa wa pili kikapata mpangaji mwingine. Kuanzia hapo mume na mke walikubaliana kwamba wakisema mapema hawatatoka kamwe, na kwamba safari ijayo watasema mizigo ikiwa imeshafungwa.

Pikipiki nayo ikawa inakufa taratibu. Ilitoa moshi wa rangi ya samawati, ikanywa oili kama inalipwa, na abiria wakaanza kumpungia mkono apite waite ya nyuma yake. Siku iliposhindwa kupanda mlima wa sokoni ikiwa na bibi mmoja mwembamba, yule bibi alishuka, akaitazama, akamwambia, "Mwanangu, ipumzishe, hata wanyama hupumzishwa." Aliisukuma mpaka nyumbani. Toka siku hiyo akawa mtu wa kushika ngazi mzee akibadilisha balbu, mtu wa kubeba mtungi wa gesi, mtu wa kupeleka redio kwa fundi na kuirudisha. Kazi hazikuisha na hakuna hata moja iliyokuwa yake.

Ndipo mkewe akaja na habari. Rafiki yake wa zamani alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha mikate, mji mwingine kabisa, mbali kiasi kwamba huwezi kuombwa urudi kushika ngazi. Walitaka watu wenye pikipiki zao wa kusambaza mikate madukani, na nyuma ya kiwanda kulikuwa na vyumba vya wafanyakazi. Mkwe alijificha bafuni akampigia simu mwenye kiwanda, bomba limefunguliwa ili sauti isitoke.

"Jumatatu ya kwanza ya mwezi," yule bwana alisema. "Asiyefika siku hiyo, nafasi yake ina mtu. Na nataka pikipiki isiyotoa moshi. Sitaki mikate inayonuka oili. Huko kwenu mvua inanyesha?"

"Hapana, ni bomba."

Basi akaifungua injini.

Kuipeleka gereji hakuweza, na hata angeweza, fundi wa gereji ana mdomo. Uani napo hapakuwezekana, kwa sababu mzee alikuwa amepiga sakafu mpya ya saruji na tone moja la oili lingekuwa kesi ya mwezi mzima. Ikabaki chumbani. Alitandika turubai kati ya kitanda na kabati, akaitoa injini kwenye fremu na kuibeba kifuani mpaka ndani. Kwa mzee alisema anaitengeneza ili arudi barabarani kubeba abiria. Ulikuwa uongo mdogo, nusu yake ilikuwa kweli.

Alipoondoa kichwa cha injini na kuvuta silinda, alikiona alichokuwa akikiogopa. Kuta za silinda, ambazo zinapaswa kuwa laini sawasawa, zilikuwa na michirizi ya kupanda na kushuka kama mtu amezikwaruza kwa msumari. Ringi za pistoni, zile pete za chuma zinazozuia oili isipande na nguvu isivuje, zilikuwa zimelika hadi zikacheza. Huko ndiko oili ilikokuwa ikipita. Habari njema ilikuwa moja: alishika konrodi, mkono ule unaoisukuma pistoni, akaivuta juu na chini akitega sikio, na haikugonga. Chini palikuwa pazima. Angetengeneza nusu ya juu tu.

Akanunua pistoni mpya ya saizi inayofuata, pamoja na ringi zake, akaibeba na silinda yake kwenye mfuko wa plastiki hadi kwa fundi mchongaji. Huyu mtaa mzima walimwita Unywele, kwa sababu kila ukimuuliza amechonga kiasi gani, alijibu, "Unywele tu."

Unywele aligeuza silinda kwenye mwanga. "Gereji gani wamekufungulia hii?"

"Nimeifungua mwenyewe."

"Wapi?"

"Chumbani."

"Mkeo anasemaje?"

"Anairuka akipanda kitandani."

Unywele alicheka mpaka akavua miwani. Aliichonga silinda akiipima kwa pistoni ile ile, akaipima tena, na alipomkabidhi hakumuachia mkononi mara moja.

"Sikiliza vizuri. Hii itakuwa injini mbichi. Pistoni na silinda hazijuani bado. Mpaka zizoeane, hakuna mlima, hakuna abiria, hakuna mzigo, hakuna kuvuta mafuta mpaka mwisho. Unakwenda mdogo mdogo, ikipata moto unasimama. Ukiilazimisha, pistoni itavimba, itashika ukuta wa silinda, na utarudi hapa unalia."

"Sitarudi."

"Wote husema hivyo," Unywele alisema, akamwachia.

Kazi ya nyumbani ilichukua jioni nyingi. Uso wa kichwa cha injini ulikuwa umejipinda kidogo, na kwa kuwa mashine ya kuunyoosha hakuwa nayo, alilaza msasa juu ya kioo cha dirisha la zamani akausugua juu yake kwa mizunguko mpaka ukang'aa wote. Nafasi ya ringi aliipima kwa nyembe: aliitia ringi ndani ya silinda, na pale inapoachana akapitisha nyembe mbili, zikapita, akaongeza ya tatu, zikabana. Ilikuwa sawa. Valvu alizisaga kwa mkono, kijiti kati ya viganja, akikizungusha huku na huku, krr, krr, krr. Mama mkwe alisikia mkwaruzo huo kutoka upande wa pili wa ukuta, na kesho yake wakakuta sumu ya panya nyuma ya mlango. Hawakuwa na moyo wa kumueleza. Panya wenyewe, kwa taarifa yako, hawakuwepo.

Kifungio kidogo cha waya, kile kinachoizuia pini ya pistoni isitoke, kiliruka kutoka kwenye koleo na kupotea. Walipiga magoti wote wawili, wakakung'uta mashuka, wakasogeza kitanda, na Mkwe alikuwa ameanza kutokwa jasho pale mkewe alipokiona kimenasa kwenye chandarua. Alikishika kwa vidole viwili.

"Bila hiki hatuendi?"

"Bila hicho injini inajiua."

"Basi nakitia mwenyewe," alisema, na kwa kidole chake chembamba akakibonyeza hadi kikaingia kwenye mfereji wake. Halafu akanong'ona, "Tunaondoka kweli?"

"Tunaondoka. Wewe na mizigo kwa basi, mimi polepole na hii, napumzika kila inapopata moto."

"Na baba?"

"Jumapili jioni nitamwambia."

Mkewe alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja baada ya kingine. Usiku huo alilala usingizi wa mtu aliyeshiba.

Ijumaa injini ilirudi kwenye fremu. Mzee alitoka kuangalia, akatandaza makatoni chini ili sakafu isichafuke, akasimama mikono nyuma. Mkwe alipiga kiki mara kadhaa, kimya. Akarekebisha kabureta, akapiga tena, na ikashika. Moshi ulitoka kidogo, wa oili aliyopaka wakati wa kuifunga, ukapungua, ukaisha. Ilibaki sauti peke yake, ya taratibu, haikohoi wala haigongi. Mama mkwe alipiga kigelegele kutoka jikoni bila kujua anapigia nini.

Na hapa ndipo alipokosea, tusimtetee. Wakati wa chakula mzee alimjazia maji kwenye glasi kwa mkono wake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akasema, "Mimi nimekaa bohari na mafundi wenye vyeti. Sijaona mtu anaifungua injini kitandani na kuirudisha nzima. Imepona kweli?"

Mkwe angeweza kusema, imepona lakini ni mbichi, inahitaji kulelewa. Maneno hayo alikuwa nayo mdomoni. Ila angesema inalelewa, angeulizwa inalelewa kwa ajili gani. Na kusema kweli halikuwa hilo tu. Kwa mara ya kwanza katika nyumba ile alikuwa akitazamwa kama mwanamume mwenye kitu chake, na kichwa kikavimba.

"Iko kama imetoka dukani leo, baba," alisema. "Hata tani inabeba."

Mkewe alimkanyaga mguu chini ya meza. Alikuwa amechelewa.

Asubuhi ya Jumamosi mzee alikuwa amesimama kando ya pikipiki, amevaa viatu vya kutokea. "Twende mara moja kwa muuza vifaa vya ujenzi," alisema. "Nina jambo."

Mkewe alikuwa akifagia. Aliacha kufagia akamtazama mumewe, na macho yake yalisema kila kitu: sema sasa. Yeye akasema, "Haya, baba," kama alivyokuwa akisema siku zote, na kupiga kiki.

Kwenda kulikuwa kwa kuteremka na mzee hakuwa mzito, hivyo aliiacha ishuke yenyewe huku akijipa moyo. Huenda mzee anataka misumari. Huenda anataka rangi. Dukani mzee aliagiza mifuko miwili ya saruji ya kuanzia, na muuzaji alipouliza anajenga nini tena, mzee akamshika Mkwe begani.

"Namwongezea huyu chumba. Wale wanangu wamenikimbia, huyu amekaa. Chumba kimoja kinawabana, naona anafungulia injini kitandani. Nitawaunganishia cha pili, wawe na sebule yao. Fundi wa kuanza yuko nyumbani sasa hivi, anapima."

Muuzaji akasema, "Una bahati ya mkwe," na mzee akajibu kwamba anajua.

Mkwe alisimama akitazama mfuko wa saruji ukilazwa juu ya tangi lake la mafuta na mwingine ukifungwa kwa kamba ya mpira kwenye kiti cha nyuma. Alijisikia kama anayefungwa ni yeye. Hasira alikuwa nayo, na aibu pia, maana utamkasirikiaje mtu anayekujengea sebule? Nje ya duka kulikuwa na mikokoteni mitatu, wenyewe wamekaa juu yake wakingoja mzigo. Alisema, "Baba, tuwape hawa wachukue," na mzee akasema, "Pesa ya mkokoteni ya nini, na pikipiki tunayo?" Akapanda, akajibana kati ya mfuko na taa ya nyuma.

Mlima wa kurudi nyumbani ulikuwa ule ule wa sokoni. Alitia gia ya kwanza. Robo ya kwanza injini ilivuta bila neno. Kisha joto likaanza kumpanda kwenye magoti, halafu ikaja harufu ya chuma kilichopata moto, na sauti ikabadilika, ikawa nzito na yenye kubana, kama mtu anayepumua kwa pua moja. Aliijua. Alivuta klachi, akazima, akakanyaga breki pembeni ya barabara.

"Nini?" mzee aliuliza.

"Imepata moto, baba."

"Si imepona?"

"Imepona. Ila ni mbichi. Haitakiwi mzigo wala mlima mpaka izoee. Nilitakiwa kukuambia."

Mzee alishuka, akajinyoosha mgongo. "Sasa tuilelee nini, Mkwe? Mzigo wa nyumbani si ndio kazi yake?"

Magari yaliwapita. Mwanamke mmoja aliyekuwa akipanda na ndoo kichwani aliwaamkia, wote wawili wakaitikia. Mkwe alifikiri juu ya Jumapili jioni na akaona haitafika.

"Kuna safari, baba," alisema. "Jumatatu naanza kazi kwenye kiwanda cha mikate. Mji mwingine. Tunahama."

Alitegemea mzee aketi chini, au aondoke kwa miguu, au ashike kifua. Mzee hakufanya lolote kati ya hayo. Alitoa leso, akafuta jasho la shingo, akaikunja tena mara nne.

"Binti yangu anajua?"

"Anajua."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla sijaifungua injini."

"Kwa hiyo ile kazi yote ya chumbani ilikuwa ya kuondokea."

"Ndiyo, baba."

Mzee aliutazama mlima, kisha mifuko. "Jana ulisema inabeba tani."

"Nilisema, baba. Nilijisifu. Tuipumzishe mpaka ipoe kabisa, mimi nipande nayo tupu, na saruji iletwe na mkokoteni."

"Ulisema mbele ya mkeo na mama yako." Sauti yake haikupanda hata kidogo. Ilikuwa ile ile ya kuuliza dukani kuna nini. "Washa."

"Baba, itashika."

"Washa, Mkwe. Tuko kwenye jua."

Watu waliosikia habari hii baadaye waliuliza kwa nini hakukataa. Ni rahisi kuuliza. Wao hawakula miaka mitatu chakula kilichofunikwa kwa sahani. Mkono wake ulikuwa umeshazoea kutii kabla kichwa hakijaulizwa, na mguu ulishafika kwenye kiki akiwa bado anatafuta neno la kusema. Injini ilikuwa ya moto, ikawaka kwa kiki moja, maskini, kwa utii wote. Mzee akapanda. Wakaenda kama urefu wa nyumba nne. Alisikia nguvu ikikatika, kisha mlio mkavu mmoja ndani ya silinda, na gurudumu la nyuma likajifunga ghafla hata pikipiki ikasota upande. Alivuta klachi, akaizuia isianguke. Kimya. Alipiga kiki, na kiki haikushuka hata kidogo. Ilikuwa kama kukanyaga jiwe.

Hapakuwa na haja ya kuifungua ili ajue. Kuta alizozing'arisha Unywele zilikuwa na michirizi tena, na ringi zake za nyembe mbili zilikuwa zimekwisha. Pistoni nyingine, kuchonga kwingine, jioni nyingine nyingi. Na Jumatatu ilikuwa kesho kutwa.

Mzee alishuka polepole, akapangusa vumbi kwenye suruali. Alimsogelea, na kwa mara ya kwanza tangu wahamie kwake hakumuita Mkwe.

"Pole, mwanangu," alisema. "Tusukume."

Aliita mkokoteni mwenyewe, akalipa mwenyewe, saruji ikatangulia. Kisha akaenda nyuma ya pikipiki, akaweka viganja vyote viwili kwenye kiti, na akasukuma. Mkwe aliyekuwa ameshika usukani alimsikia akihema nyuma yake. Hakujua, na mpaka leo hajui, kama mzee alikuwa amekusudia au alikuwa tu ameshikilia neno kama wazee wanavyoshikilia neno. Alimchukia. Hilo lilikuwa jipya na alilisikia wazi kifuani. Kilichomuumiza zaidi ni kwamba mzee alikuwa akisukuma kwa nguvu zake zote, na kila baada ya hatua kadhaa alisema, "Pole, pumzika kidogo, pole."

Waliingia getini. Mkewe alikuwa mlangoni mwa jiko. Aliitazama pikipiki inayosukumwa, akamtazama mumewe, kisha akamtazama baba yake, akaona leso iliyolowa na mikono yenye vumbi. Aligeuka akaingia ndani, na sufuria zikasikika zikiwekwa chini moja baada ya nyingine kwa kishindo.

Uani fundi mwashi alikuwa ameshapigilia vigingi na kuvuta uzi mweupe kuonyesha ukuta utakapopita. Chumba kipya kilikuwa kimechorwa chini tayari, kimegusana na chumba chao ubavuni kabisa, na upande wake wa pili ukafika kwenye ukuta wa barabarani.

"Mzee, kimebaki kitu kimoja," fundi alisema. "Mlango niuweke wapi?"

"Uani, kama vingine vyote," mzee alijibu, huku akinawa mikono bombani.

Mkwe alikuwa bado ameshika usukani wa pikipiki iliyokufa. "Barabarani," alisema.

Fundi aliinua kichwa. Mzee aliacha maji yakitiririka.

"Uweke barabarani," Mkwe alirudia. "Na ufunguo wake nitakaa nao mimi."

"Mkwe," mzee alianza, "geti si lipo? Mlango wa barabarani wa nini, watu waingie na kutoka bila mtu kujua?"

Jikoni sufuria zilikuwa zimenyamaza.

"Ndiyo, baba," binti yake akajibu kutoka ndani, kwa sauti kamili iliyofika mpaka kwa jirani. "Bila mtu kujua."

Mzee alifunga bomba. Fundi alimtazama yeye, akamtazama Mkwe, akangoja, na alipoona hakuna anayesema tena, aling'oa kigingi akaenda nacho upande wa barabara.